Dada Sinia Hanawi Mikono

Wiki iliyopita niliishia pale nesi alipomwambia mume wangu kwamba kidonda cha mguuni hakifungi kwa sababu ya sukari, na kwamba kuanzia siku hiyo atachomwa sindano asubuhi na jioni. Meshack hakuuliza kama atapona. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ni lazima watu wajue?"

Tukiwa njiani kurudi akaniapisha. Mama yake asijue. Dada yake Glorious asijue. Na zaidi ya wote kaka yake Hamphrey, mwenye mtumbwi, asijue hata kwa ndoto.

Nyie mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Tadea. Kwetu ni Kitura, milimani, kwa watu wa kahawa. Shule niliishia darasa la saba. Nimeolewa huku chini ziwani, upande wa Chiwanda, na tangu niingie kwenye uwanja huu sijaitwa jina langu hivi hivi. Ni "Tadea wa baridi", ni "Tadea wa maharage", ni "huyo mtu wa milimani".

Kwa nini Hamphrey asijue? Kwa sababu kijana mmoja wa mtumbwi wake aliwahi kuanguka kifafa wakiwa katikati ya maji. Hamphrey alimrudisha nchi kavu, akamshusha na ndoo yake.

"Mtumbwi wangu si machela," akamwambia.

Kijana yule leo anauza vocha. Meshack akimpita njiani anatazama pembeni.

Basi nikaapa. Dawa nikaiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, maana huku ni joto na friji hatuna. Nesi Ottilia ndiye aliyenifundisha. Asubuhi nafunga mlango, Meshack anapandisha shati, anageuza uso ukutani, namchoma. Jioni vilevile. Hajawahi kuitazama ile sindano hata siku moja.

Nikadhani hapo shida zangu zimeisha. Kumbe ndiyo kwanza zinanawa uso.

Pale kwetu wanaume wanakula pamoja, mkekani, kwenye baraza ya nyumba ya Hamphrey. Kila mwanamke anapeleka chakula chake. Wanakula sahani hii, wanahamia ile. Hamphrey ndiye mkubwa tangu baba yao afariki. Hamphrey akinawa mikono, wote wamemaliza. Hata kama tonge liko mdomoni, unameza, unanawa. Hakuna wa kuendelea.

Kidonda kilipoanza kutoa harufu, Hamphrey alimwambia Meshack mbele ya wote:

"Mdogo wangu, kwa sasa kula chumbani kwako. Hapa tunashindwa kumeza."

Wakacheka. Meshack naye akacheka. Alipoingia ndani hakuwa anacheka tena.

Siku ile niliweka ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, akavitazama mpaka vikapoa.

"Kula basi," nikamwambia.

"Nile peke yangu kama mchawi?"

"Nitakula na wewe."

"Na mwanamke? Mimi mtoto wa kulishwa?"

Ndipo Glorious, wifi yangu, alipokuja na dawa yake. Akachukua simu ya kaka yake, akabonyeza bonyeza, akaiegemeza kwenye jagi la maji.

"Kaka, usile peke yako. Kula na huyu."

Huyu ndiye Dada Sinia. Anaishi wapi sijui, hasemi. Kwenye video zake anakaa chini mbele ya sinia lililojaa mpaka linafurika: pilau, mapaja ya kuku, chipsi, mayai, na chupa kubwa ya soda pembeni. Kazi yake ni kula huku watu wanamtazama. Akitafuna unasikia mpaka mfupa unavyovunjika. Na kabla hajaanza anafungua mikono, anasema:

"Karibuni tule, wapenzi wangu!"

"Tumekaribia," Meshack akajibu.

Nikamtazama. Mume wangu anaijibu simu.

Akanawa, akala. Akala chote, akaomba kingine. Glorious akanikonyeza.

"Umeona, wifi? Tatizo halikuwa chakula. Tatizo ni sura ya anayekiweka."

Mimi si msemaji sana. Mimi natazama. Wao walimtazama Dada Sinia, mimi nikamtazama Meshack. Dada Sinia akimega, naye anamega. Dada Sinia akivuta soda, mkono wa Meshack unapapasa chini ya kitanda, unatoka na soda. Dada Sinia akisema "hapa bado nina nafasi", Meshack ananigeukia: "Ongeza."

Na jambo moja lilinitia baridi kuliko mengine yote. Dada Sinia hanawi mikono. Akimaliza sinia moja, linakuja jingine lenyewe bila simu kuguswa. Nguo nyingine, chakula kingine, mdomo uleule. Mkekani kulikuwa na Hamphrey wa kunawa. Hapa chumbani hakuna mkubwa. Meshack alikuwa anakula na mtu asiyemaliza.

"Meshack, umeshashiba," nikamwambia.

"Umeingia tumboni mwangu?"

"Nesi alisema ugali kiasi, soda hapana kabisa."

"Nesi ni mke wangu?"

"Mke wako ni mimi, na mimi ndiye ninayeosha hicho kidonda."

"Basi osha kidonda. Mdomo niachie."

Bi Ephrasia, mama mkwe wangu, aliposikia kwamba mwanawe anamaliza sahani, alikuja na sufuria zima la wali akiwa anacheza.

"Mwanangu anakula! Mnaona? Anakula! Sasa nani alikuwa anamnyima?"

Akawa analeta yeye mwenyewe. Wali, viazi vya kukaanga, maandazi, samaki mbasa mkubwa wa kuchoma aliyefaa kulisha ukumbi mzima. Na soda. Kila akiingia anaketi kitandani, anatazama Dada Sinia pamoja na mwanawe, anapiga makofi.

"Ona mashavu ya mwenzio yalivyojaa," ananiambia. "Huyo angezaliwa ziwani ningemposea mwanangu. Siyo wewe, mbavu kama tenga la samaki."

"Shikamoo, mama," najibu, kwa kuwa sikuwa na jibu lingine lisilovunja nyumba.

Siku moja nikashindwa. Nilimkuta mama mkwe anamfungulia chupa mpya. Nikaichukua mkononi mwake, nikatoka nje, nikaimwaga mchangani, mbele yake, mbele ya Glorious, mbele ya majirani waliokuwa wanaanika dagaa zao.

"Mama, hii ni sumu kwake."

"Nani kakuambia?"

Nikisema ni nesi, ataniuliza nesi wa nini. Nikisema wa nini, nimevunja kiapo.

"Nauliza, nani kakuambia? Umesomea udaktari huko kwenye maharage?"

Glorious akapokea:

"Mama, mwache. Anamwaga kwa sababu akiona kaka ananenepa anaumia. Mwenzetu anataka kurudi kwao na bati za nyumba."

Watu wakaangua kicheko. Nikaokota chupa, nikaingia ndani. Meshack alikuwa amesikia yote. Neno moja tu lake lingeniokoa. Akaongeza sauti ya simu.

Tukarudi kwa Nesi Ottilia. Akapima, akapima tena.

"Kaka, sukari imepanda badala ya kushuka. Unakula nini?"

"Mboga za majani," Meshack akasema. "Na uji kidogo, dada."

Nikafungua mdomo. Akanikanyaga kidole cha mguu kwa mguu wake mzima.

Nesi akawaza. Akaniambia niongeze kipimo cha dawa kwenye sindano, akanionyesha mpaka mstari gani. Halafu akanivuta pembeni.

"Mama, sikiliza vizuri. Dawa hii ikiingia mwilini, lazima ale. Asipokula itamwangusha. Ukiona jasho la baridi, anatetemeka, anaongea ovyo, mpe kitu kitamu papo hapo. Sukari, asali, hata soda."

"Soda?"

"Siku hiyo soda ndiyo dawa."

Haya, sasa nisikilizeni nilivyonaswa.

Juzi asubuhi nilimchoma kipimo kile kipya. Nikaweka uji na kiazi. Akanawa, akaegemeza simu kwenye jagi, akabonyeza. Giza. Mawingu yalikuwa yametanda tangu siku mbili kabla, na sola ya Hamphrey haikuwa na kitu.

"Simu imezima," akasema.

"Kula tu. Umeshachomwa."

"Glorious aipeleke dukani kwenye jenereta. Nitakula ikirudi."

"Meshack, nesi kasema ukichomwa lazima ule."

"Nile na nani?"

"Na mimi! Na ukuta! Na hilo jagi! Kula!"

"Usinipigie kelele. Toa hicho chakula chako."

Glorious akaondoka na simu, akatembea mwendo wake wa maringo, na kule dukani akapata wa kupiga naye soga mpaka jua likapinduka. Nikatoka, nikaenda mpaka barazani kwa Hamphrey. Nikapiga magoti mbali kidogo na mkeka.

"Shemeji, naomba uje ule na mdogo wako. Hata tonge moja tu."

"Chumbani kwa mwanamke?" Hamphrey akashangaa. "Shemeji, huko kwenu wanaume wanakulia kitandani?"

Kicheko tena. Nikarudi.

Nilimkuta Meshack amelowa. Shati limegandana na mgongo. Mikono inatetemeka, na midomo inasema maneno yasiyo na mwenyewe.

"Vuta kamba... vuta... karibuni tule..."

"Meshack!"

Macho yamenipita, yanatazama darini. Nikalikimbilia kopo la sukari. Tupu, Bi Ephrasia alikuwa ameihamishia kwake tangu siku ile niliyomwaga soda. Nikaingiza mkono chini ya kitanda. Zile chupa nilizokuwa nazipigania kila siku, leo nazitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba inayoungua. Nikapata moja ina nusu. Nikamnyanyua kichwa nikakiweka mapajani, nikaanza kumnywesha kidogo kidogo.

Mlango ukafunguka. Glorious, na simu mkononi.

"Mama!" akapiga ukelele. "Mama, njoo uone! Ile sumu! Anamnywesha kaka ile sumu!"

Nikaendelea kumnywesha. Bi Ephrasia akaingia bila kiatu. Alichokiona ni hiki: mwanawe amelegea kama nguo iliyofuliwa, na mimi niliyesema mbele ya kijiji kwamba soda ni sumu kwake, namimina soda mdomoni mwake.

Akanirukia. Nikainamisha mwili juu ya chupa.

"Mama, subiri! Niache kidogo tu, atapata nguvu!"

"Mwachie mwanangu! Muuaji!"

"Meza, Meshack. Meza!"

Akanivuta nywele mpaka shingo ikalia. Glorious akanipiga kichwani kwa simu, ileile simu. Chupa ikaanguka, lakini kilichobaki kilikuwa povu. Kingine kilikuwa kimeshashuka kooni kwake. Nilikuwa nimesikia kikishuka.

Hamphrey na wanaume wa mkekani wakajaa mlangoni. Wakati huo jasho la Meshack likaanza kukauka. Akapepesa macho. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi kituo asichokijua.

"Mwanangu," Bi Ephrasia akambembeleza, "huyu amekunywesha nini?"

Nikakaa chini, napumua. Sasa atasema, nikawaza. Sasa hakuna tena siri ya kulinda, watu wote wameona.

"Waambie, Meshack," nikasema. "Waambie ulikuwa na hali gani, na kwa nini."

Meshack akamtazama mama yake. Akamtazama Glorious. Halafu macho yake yakamfikia Hamphrey pale mlangoni, yakasimama hapo.

"Nilikuwa nimelala tu," akasema. "Nikashtuka nanyweshwa."

Sikulia. Nasema kweli. Nilitazama mdomo uliotoa maneno hayo, bado una soda pembeni.

"Umesikia?" Bi Ephrasia akanigeukia. "Umesikia, mtu wa milimani? Kesho gari la kupanda Mbinga likipita, ulipande. Ukifika kwenu waambie tumekurudisha na uhai wako, tofauti na ulivyotaka kumfanyia mwanangu."

"Lakini mdogo wangu unaumwa nini hasa?" Hamphrey akauliza. "Mbona umelowa?"

"Siumwi," Meshack akasema, akasimama. Akayumba, akashika mlango. "Ni njaa tu. Nipeni nafasi mkekani."

Akaufunga mguu kwa mfuko wa nailoni ili usinuke, akachechemea mpaka barazani, akaketi katikati ya wanaume. Wanawake tukabaki uani, tunaona kila kitu.

Akala. Jamani, akala. Ugali wa sahani hii, wali wa sahani ile, samaki na vichwa vyake. Wenzake wakaanza kushangilia kila anapomega.

"Mwanaume huyo!"

"Aliyesema mgonjwa nani?"

Glorious akainua simu, akamrekodi. "Kaka, tazama huku! Sema karibuni tule!"

"Karibuni tule!" Meshack akasema, mashavu yamejaa.

Hamphrey akanawa mikono. Wote wakaacha. Palepale, kama ilivyo siku zote.

Meshack hakuacha.

Akavuta sahani ya wenzake, akamega. Akavuta nyingine. Mkeka ukanyamaza. Niliona mikono ya wanaume imening'inia inadondosha maji, wanamtazama mtu anayekula baada ya mkubwa kunawa. Nikasema moyoni, sasa wameona. Sasa watauliza.

Bi Ephrasia akavunja kimya kwa kigelegele.

"Mwacheni ale! Alikuwa kifungoni kwa mkewe!"

Wakacheka, wakapumua. Hamphrey akampiga begani.

"Basi umepona, mdogo wangu. Kesho jioni tunaingia ziwani. Nafasi yako ya kushika kamba ipo palepale."

Uso wa Meshack ulivyong'aa, sijauona hivyo hata siku ya ndoa yetu.

Nikaingia ndani nikaanza kukunja vitenge vyangu. Jua lilikuwa bado juu ya maji, na uani walikuwa wamekusanyika wanatazama kile Glorious alichorekodi, wanakirudia, wanacheka. Nikasikia mguu unaburuzwa. Meshack akaingia, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

Akapandisha shati. Akageuza uso ukutani.

"Nichome haraka. Wapo na simu, hawatakuja."

Nikabaki na kitenge mkononi.

"Kesho jioni nitakuwa Kitura," nikasema. "Nani atakuchoma?"

"Nitajua mwenyewe."

"Hujawahi hata kuitazama."

"Tadea, nichome. Tumbo linawaka. Maneno baadaye."

"Na ukianguka kule majini kama ulivyoanguka leo? Hamphrey atafanya nini? Atakumwagia maji. Hajui. Hakuna anayejua kwenye mtumbwi mzima."

"Wakijua hakuna mtumbwi!" akanong'ona kwa ukali, mate yakaruka. "Unataka nikauze vocha? Unataka nikae humu ndani na wewe mpaka nife? Kama unanichukia sema!"

"Leo umeniita muuaji mbele ya watu."

"Sikusema muuaji. Mama ndiye aliyesema."

"Wewe ndiye uliyempa neno hilo."

Akashikilia shati lake limepanda mpaka kifuani, tumbo limejaa chakula cha watu, alama za sindano zangu zimepangana ubavuni.

Nikainama kwenye chungu. Nikatoa kichupa, nikakifuta mchanga. Nikavuta dawa kwenye sindano mpaka mstari wa nesi.

"Nitakuchoma," nikamwambia. "Mimi siwezi kukuacha hivi."

"Fanya basi."

"Ila mlango utabaki wazi."

Akageuka kutoka ukutani. Kwa mara ya kwanza akaitazama sindano.

"Tadea. Usithubutu."

Nikausukuma mlango wote mpaka ukagonga ukuta. Uani vicheko vikakatika. Bi Ephrasia akageuka. Glorious akashusha simu. Hamphrey alikuwa anakunja mkeka. Akasimama nao mkononi, akatutazama: mimi na sindano, mdogo wake na tumbo wazi.

"Ni nini hicho, shemeji?" akauliza.

Sikumjibu. Si mimi niliyetakiwa kujibu.

Meshack alikuwa ameshika pindo la shati lake kwa mikono miwili. Hakulishusha. Hakulipandisha. Na Hamphrey akaanza kuja.